Usukani wa Ndege ya Kwanza

Kituoni walimwita Mama Polepole, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Miguu yake ilivimba kila alasiri, viatu vya kazi vilimbana, na miaka mingi ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba anayekimbia hupita mambo mengi bila kuyasalimia.

Alhamisi ile asubuhi alimkuta mke wa mlinzi kwenye benchi la mapokezi, palepale alipomwacha jana yake. Alikuwa amepakata bakuli la bati lenye mfuniko, limefungwa kwa kitambaa chenye picha za ndege wa rangi ya chungwa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kidogo. Ncha zake zilikutana kwa shida juu ya mfuniko, fundo likasimama kama masikio ya sungura.

"Umelala hapa, mama?"

"Nilikwenda nyumbani, nikapika, nikarudi. Nimeambiwa chakula hakiingii mpaka uje wewe."

"Nani kasema?"

Mwanamke yule alimtazama koplo wa zamu. Koplo akatazama dari.

"Koplo, ndani ya bakuli la huyu mama hamna bunduki. Ingiza chakula. Ukirudi, mletee chai, na uweke sukari."

"Ndiyo, afande."

Mama Polepole alimfuata koplo hadi chumba cha mahojiano, mguu huu ukiubembeleza ule. Mlinzi aliletwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kando, na shati la kazi lenye nembo mpya ya shirika la ndege la taifa lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Koplo alipoliweka bakuli mezani, mlinzi hakuangalia chakula. Aliangalia kitambaa. Alikifungua haraka, akakikunja mara nne, akamsogezea koplo.

"Mrudishie mama watoto. Mwambie akiweke."

"Kula kwanza," alisema Mama Polepole.

"Sina njaa."

"Kula. Mkeo amekesha na hilo bakuli."

Akala matonge mawili kwa heshima, akafunika.

"Tuanze tena," alisema Mama Polepole. "Ndege ya kwanza ya shirika iko ndani ya banda. Banda lina mlango mmoja. Ufunguo ni wako. Jumanne jioni wapaka rangi waliuona usukani wa rubani mahali pake. Jumatano asubuhi haupo, na kufuli halina hata mkwaruzo. Nani aliingia?"

"Mlinzi ni mimi."

"Sikukuuliza hilo."

"Kama kuna kosa, ni langu, afande. Andika hivyo."

"Kustaafu umebakiza muda gani?"

"Mvua hizi zikiisha."

"Na ukifungwa je?"

Mlinzi alilainisha ukosi wa shati lake kwa vidole viwili.

Mkuu wa Kituo alikuwa akimsubiri Mama Polepole mlangoni, saa mkononi.

"Kesho asubuhi anakwenda mahakamani. Jumamosi ni jubilei ya shirika, wakubwa wote watakuwepo. Zamu ni yake, ufunguo ni wake. Unataka nini tena, malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nataka usukani, mkuu."

"Ameshauuza."

"Kwa nani? Vijana wamepekua wauza vyuma chakavu wa mji mzima, wamerudi na pepopunda tu."

"Una leo," alisema Mkuu wa Kituo. "Kesho simo."

*

Banda la ndege lilinuka rangi mbichi. Ndege ya kwanza ilikaa katikati, ndogo, pua juu na mkia chini, na panga boi zake mbili zikiwa zimeng'arishwa. Upande wa pili wa uwanja zilionekana ndege mpya za shirika, kubwa na nyeupe. Chini ya mojawapo, mwanamke mwenye ovaroli alikuwa amelala chali akifunga kitu tumboni mwa ndege.

"Yule ni Mhandisi Mkuu," alisema Msimamizi wa Sherehe, kijana mwenye suti ya kubana na simu mbili. "Usimsumbue. Mambo ya jubilei hayataki kabisa, anasema ana kazi. Shughuli hii yote naibeba mimi. Nimetangaza mwenyewe redioni wiki nzima: ndege iliyozaa shirika letu itaruka tena! Sasa naulizwa, itaruka bila usukani?"

"Nani aliutamani?"

"Kuna mgeni mmoja, mkusanyaji wa vitu vya kale. Alikuja wiki iliyopita, akaushika kama mkono wa mchumba. Huyo na mlinzi wenu wamekula njama, mimi nakwambia."

Mama Polepole alimpigia simu mwenye hoteli alikofikia mgeni huyo. Mgeni alikuwa ameondoka Jumatatu kwa ndege ya mchana, na mwenye hoteli ndiye aliyemsindikiza. Jumanne usukani ulikuwepo. Akalifuta jina lile kichwani, akapanda ngazi fupi ya ndege, akapumzika kila kidato.

Chumba cha marubani kilikuwa kidogo kama jiko la mpangaji. Mahali pa usukani palikuwa pamebaki mhimili mtupu uliopakwa rangi ya kijivu siku chache tu zilizopita. Aliinama. Skurubu zote nne zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa. Ncha ya mhimili ilipakwa grisi kidogo ili isishike kutu.

Mwizi gani huyu, anaiba na kufagia?

Chini kidogo ya ncha, rangi ambayo haijakauka vizuri ilikuwa na alama iliyozunguka mhimili wote. Alipitisha ukucha. Haikuwa alama ya chombo. Ilikuwa na misuko midogo midogo, kama ya nguo iliyokazwa kwa nguvu.

"Hapa palifungwa kitambaa," aliita kutoka juu. "Nani amekifungua?"

"Kitambaa gani? Jumatano asubuhi nilikuwa wa kwanza kuingia. Hapakuwa na kitu."

"Wa kwanza baada ya mlinzi."

"Naam. Baada ya mlinzi."

Ukuta wa banda ulikuwa umepangwa picha kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Mama Polepole alizipitia moja moja, na Msimamizi akahema nyuma yake. Mwanzo ilikuwa ndege hii moja na watu waliokuja kwa miguu kuishangaa. Zikaja mbili, zikaja nne. Ikaja ile kubwa ya kwanza isiyo na panga boi, mafundi wamepanga mstari chini ya bawa lake, vifua mbele. Kisha picha zikapungua, na ndege ndani ya picha zikapungua, hadi ikabaki moja yenye rangi iliyobabuka. Katika picha hizo za mwisho aliona jambo. Hapa kitambaa cha mistari kinaning'inia kwenye injini. Pale cha maua kimefungwa kwenye gurudumu.

"Haya mapambo ni ya nini?"

"Labda walikuwa na sherehe," alisema Msimamizi.

"Kwa sura hizi?"

Nyuso za mafundi wale zilikuwa za watu waliokosa usingizi.

"Huyu dada aliyesimama mlangoni mwa ndege, kwenye picha ya kwanza, yu hai?"

"Mhudumu wetu wa kwanza. Ndiye atakata utepe."

*

Watu bado walimwita Dada wa Kwanza, ingawa alikuwa na vitukuu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na sebuleni alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alimtazama mgeni wake usoni, kisha miguuni. Bila kusema neno akavuta kigoda na mto.

"Weka miguu juu. Mimi nimesimama angani miaka ishirini, naijua hiyo miguu."

Mama Polepole alishukuru kwa dhati. Chai ililetwa.

"Tulianza na ndege ile moja, iliyonunuliwa kuukuu," alisema Dada wa Kwanza. "Rubani wa kuazimwa, fundi mmoja, na mimi. Abiria walikuwa wanavua viatu mlangoni, nami nawaambia, baba, ingia navyo tu. Nilikuwa nagawa peremende kwa ajili ya masikio. Mzee mmoja akazitia masikioni."

"Acha!"

"Haki ya Mungu. Tulizitoa kwa kijiti cha kibiriti." Alicheka, akafuta macho. "Basi shirika likakua. Tukapata ndege za kwenda ng'ambo, tukashonewa sare mpya kila mwaka. Tukadhani ndiyo hivyo milele. Kisha vipuri vikawa havinunuliwi. Mafundi wakaanza kuvua huku wakivisha kule. Ndege hii inakopesha gurudumu, ile inakopesha redio. Sasa hatari iko wapi? Rubani asipande iliyovuliwa bila kujua. Kwa hiyo fundi akitoa kitu, anafunga kitambaa pale palipobaki wazi. Akiona ubovu, vilevile anafunga. Siku za neema kulikuwa na tepe nyekundu za kiwandani. Zilipokwisha, kila fundi alileta kitambaa kutoka kwake. Na sheria ilikuwa moja: hakifunguliwi ila na mkono uliokifunga. Mkurugenzi mwenyewe alichelewa safari siku nzima kwa sababu ya kitambaa cha kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kazi. Alikasirika, lakini hakukigusa."

"Kwa hiyo kitambaa kilikuwa kama jina la mtu."

"Zaidi. Mimi nikiona kitambaa najua mke wa nani kakata gauni."

"Mafundi hao wako wapi?"

"Wengi wametangulia. Mmoja haoni. Aliyebaki mzima ni Bawa. Tulimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa mabawa. Masikini, tangu mkewe afariki hatoki sana."

"Kitambaa chake kilikuwaje?"

Dada wa Kwanza aliuinua uso, akatabasamu. "Mkewe alishona mapazia ya nyumba nzima kwa jora moja. Ndege wa rangi ya chungwa. Tulikuwa tunamtania, wewe Bawa, kazini ndege, nyumbani ndege, utaota manyoya."

Mama Polepole aliiweka chai chini. Aliliona tena bakuli la bati na lile fundo kama masikio ya sungura. Aliuona mkono wa mlinzi ukikikunja kitambaa haraka, mara nne.

"Dada, mlinzi wa banda ameanza kazi lini?"

"Yule? Yule wa zamani kabisa. Lilipofungwa shirika, kabla halijafufuliwa, alibaki peke yake akiilinda ndege ile, wengine wote wameondoka. Anavijua vitambaa vyote."

Mama Polepole alishusha miguu yake kutoka kigodani, mmoja baada ya mwingine, akavaa viatu.

*

Nyumba ya Bawa ilikuwa mtaa wa pili kutoka hapo. Madirisha mawili ya mbele yalikuwa na mapazia yaliyofika chini. La tatu liliishia njiani, limekatwa sawasawa kwa mkasi, na chini yake jua lilikuwa likiingia hadi sakafuni.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mzee mrefu aliyepinda kidogo, shati limepigwa pasi.

"Karibu, mwanangu. Mmechelewa. Leo ni siku ya pili navaa shati hili."

Usukani ulikuwa juu ya meza, umelazwa kwenye taulo safi.

"Umeuchukua wewe, mzee?"

"Nimeutoa," alisema Bawa. "Kuchukua ni kitu kingine. Keti, unachechemea."

Aliketi. Mzee alikuwa ametulia kama mtu aliyemaliza zamu yake.

"Redio ilisema itaruka. Nikaenda ofisini. Nikamwambia yule kijana wa suti, bawa la kushoto, pale linapoungana na mwili, pana kutu nyeupe. Chuma cha ndege hakiozi kwa wekundu, mwanangu, huwa unga. Ukichoma kwa bisibisi inaingia kama kwenye sabuni. Wakipaka rangi juu, hutaona kitu. Akanisikiliza vizuri, akanipa soda na hii."

Ilikuwa kofia yenye nembo mpya, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Nikarudi mara ya pili, nikaambiwa yuko kikaoni. Basi nikafanya tulivyokuwa tukifanya. Mlinzi alinifungulia, nilimwambia nakwenda kuiaga. Nikautoa usukani, mahali ambapo hata kipofu atapapasa aukose. Nikafunga kitambaa changu. Nikajua watakuja kuniuliza." Alitazama mlango. "Jana hakuja mtu. Nikasema labda wana shughuli."

"Mzee, kitambaa hakikuwepo."

"Kilikuwepo. Nilikifunga kwa mkono huu."

"Mlinzi alikifungua. Aliona watu wa sasa hawajui maana yake. Kwao kingekuwa ushahidi juu yako. Akakificha. Yuko mahabusu tangu jana, hataji jina lako. Kesho anapelekwa mahakamani."

Bawa alisimama. Kisha akainama chini ya meza akitafuta viatu. Kamba zikamshinda kufunga. Mama Polepole alipiga goti kwa shida na kumfungia, cha kulia kisha cha kushoto, naye mzee akaufunika usukani kwa taulo kama mtoto anayetolewa nje kwenye baridi.

*

Kwenye chumba cha Mkuu wa Kituo viti havikutosha. Mama Polepole aliwaita wote: Msimamizi wa Sherehe, Mhandisi Mkuu aliyekuja na ovaroli lake, mlinzi kutoka mahabusu, na mkewe kutoka kwenye benchi. Usukani ulikuwa mezani.

Mlinzi alipomwona Bawa alifumba macho.

"Umefuata nini hapa, kaka?"

"Na wewe umefuata nini? Ulikifungua. Unajua kabisa hakifunguliwi."

"Najua. Lakini ungefungwa wewe. Kwa umri huo ungetoka lini?"

"Na umri wako wewe ni wa shule ya msingi?"

Koplo alicheka mlangoni, akajifanya anakohoa.

"Basi tumepata mwizi," alisema Mkuu wa Kituo. "Na msaidizi wake."

"Mkuu, msikilize Mhandisi kwanza," alisema Mama Polepole.

Bawa alimgeukia mwanamke wa ovaroli. "Mwanangu, shina la bawa la kushoto. Usiwaruhusu."

"Najua, mzee," alisema Mhandisi Mkuu taratibu. "Nililichoma mwenyewe, siku ya kwanza. Ile ndege sikuipa kibali cha kuruka, wala hakuna aliyekiomba. Jumamosi itavutwa na trekta hadi nje ya banda, itapigwa picha, itarudishwa."

Macho yote yalimwendea Msimamizi.

"Yalikuwa maneno ya kunogesha tu," alisema. "Huwezi kusema redioni kwamba itavutwa na trekta. Nani atakuja?"

"Na mzee alipokuja kukwambia habari ya bawa?" aliuliza Mama Polepole.

"Nilimpa kofia."

"Ungempa jibu."

Msimamizi alitazama simu zake, zote mbili. Hakuna iliyolia kumwokoa.

Bawa alikaa polepole kwenye ukingo wa kiti. Usoni alionekana amezeeka tangu aingie. "Kwa hiyo nimemlaza mwenzangu sakafuni kwa safari isiyokuwepo."

Mlinzi alijongea, akakaa karibu yake hadi mabega yakagusana.

"Godoro lao si baya," alisema. "Mkoromo wa jirani tu."

Mkuu wa Kituo alijikuna shingo. "Kuna mlalamikaji hapa au hakuna?"

"Mimi ndiye niliyeleta malalamiko," alianza Msimamizi.

"Ndege iko chini ya karakana, si chini ya sherehe," alisema Mhandisi Mkuu. "Karakana haijaibiwa kitu. Fundi ameona ubovu, ametoa kifaa, amefunga kitambaa. Alichokosea ni kutonitafuta mimi, na mimi nilichokosea ni kulala chini ya ndege siku zote mpaka mzee asinione. Mfungulieni huyo mlinzi."

Mkuu wa Kituo alimtazama Mama Polepole. Mama Polepole alikuwa amevua viatu chini ya meza na hakuona haya.

"Umemsikia," alisema.

*

Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipoingia bandani. Bawa alipanda ngazi peke yake, akakataa kushikwa. Mlinzi alimmulikia tochi. Walisikika wakibishana kule juu kuhusu skurubu ipi ianze.

"Kitambaa," iliita sauti ya Bawa.

Mke wa mlinzi alisimama chini ya ndege na bakuli lake. Baada ya koplo kumrudishia kitambaa, alikuwa amelifunga tena kama mwanzo.

"Ndicho hiki? Mume wangu alifika nacho Jumatano asubuhi, akaniambia nisikitupe wala nisikifue. Walipokuja kumkamata nikavuta kilichokuwa karibu. Sikujua, jamani."

"Ungejuaje, mama?" alisema Mama Polepole.

Mwanamke yule alilifungua fundo, akakipandisha kitambaa. Bawa alikifunga kwenye usukani, akakikaza mara mbili, akashuka. Kupitia kioo cha mbele ndege wa rangi ya chungwa walionekana vizuri hata kutoka mlangoni.

Msimamizi alikohoa. "Kile kitaonekana kwenye picha za Jumamosi."

"Panda ukakifungue," alisema Mhandisi Mkuu.

Kijana alipima ngazi kwa macho. Akamtazama mzee, akamtazama mlinzi. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa banda aliokuwa nao tangu Jumatano, akamkabidhi mlinzi kwa mikono miwili.

Mlinzi alifunga kufuli, akalivuta mara moja kuhakikisha. Wakaondoka pamoja kufuata ukingo wa uwanja, kwa mwendo wa Mama Polepole, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya mwendo mwingine. Mke wa mlinzi alikuwa mbele kidogo. Bakuli halikuwa tena na cha kulifunga, kwa hiyo aliukandamiza mfuniko kwa kiganja njia nzima, chakula kisimwagike kabla mumewe hajafika nyumbani kukila.